Jina linaloaminika: namna ya kulijenga kazini na mtandaoni

Kabla mtu hajakupa kazi, fedha zake au hata nusu saa ya muda wake, kuna maswali matatu anayojiuliza kimoyomoyo. Huyu kazi anaiweza? Anasema kweli? Na mambo yakiharibika, atanifikiria na mimi au atajiokoa peke yake? Mwaka 1995 watafiti watatu, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, waliyaweka maswali hayo katika mambo matatu yanayomfanya mtu aaminiwe kazini: uwezo, uadilifu na nia njema. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla yao, mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle alikwisha kusema maneno yanayokaribiana sana na hayo alipoeleza kwa nini wasikilizaji humwamini msemaji mmoja na kumtilia shaka mwingine.

Ushauri mwingi kuhusu chapa binafsi, yaani sura na jina unalojijengea mbele za watu, unaishia kwenye uwezo tu. Tangu Tom Peters, mwandishi wa vitabu vya uongozi wa biashara, alipoandika makala katika jarida la Fast Company mwaka 1997 akimhimiza kila mfanyakazi ajione kuwa ni chapa, watu wamejifunza kupiga picha za kuvutia, kuchagua rangi na kujaza vyeo kwenye wasifu. Hayo yanakufanya uonekane, na kuonekana kuna faida yake. Lakini mtu anayeonekana sana huku ahadi zake hazitimii anawatangazia watu wengi zaidi kwamba hafai. Ndiyo maana katika mwongozo huu picha na machapisho vinakuja baadaye, na ahadi zinakuja mapema.

Utahitaji daftari au jedwali kwenye kompyuta, wiki mbili za maandalizi, kisha saa mbili au tatu kila wiki. Jipe angalau miezi sita kabla ya kuamua kama kazi inaleta matunda, kwa sababu watu wanahitaji kukuona ukitenda jambo lile lile mara kadhaa ndipo waanze kulitegemea.

Jua unavyojulikana leo

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari chako ili matokeo yasifuate mambo uliyowahi kutafuta, kisha tafuta jina lako. Fanya hivyo mara tatu: jina peke yake, jina pamoja na kazi yako, na jina pamoja na mahali unapofanyia kazi. Pitia ukurasa wa kwanza na sehemu ya picha. Kila unachokikuta kiandike katika safu moja kati ya tatu: kinanisaidia, kinaniharibia, hakinihusu.

Safu ya tatu usiidharau. Kama yupo mtu mwenye jina kama lako na kazi yake iko mbali na yako, au sifa zake si nzuri, amua sasa namna ya kujitofautisha. Ongeza jina la kati au la ukoo, na utumie umbo hilo moja kila mahali: kwenye wasifu, baruapepe, ankara, hata chini ya makala. Akaunti za zamani usizozitumia zifunge. Mteja akipiga namba iliyokufa hatajua kwamba uliiandika miaka mingi iliyopita. Atakachojua ni kwamba alikutafuta hakukupata.

Baada ya hapo waulize watu saba: wawili mliofanya kazi bega kwa bega, wawili uliowahudumia, mmoja aliyekuwa mkubwa wako, mmoja uliyemsimamia, na mmoja ambaye kazi yenu haikuisha vizuri. Waandikie maswali haya matatu, usiwapigie simu, maana kwa simu watu huona haya:

1. Mtu akikuuliza mimi hufanya nini, utamjibu nini kwa sentensi moja?
2. Ni shida gani ikikupata utanitafuta mimi kwanza?
3. Mtu anayeanza kufanya kazi nami, ajiandae kwa jambo gani?

Swali la tatu ndilo lenye mali. Ukimuuliza mtu "udhaifu wangu ni upi," atakuficha kwa adabu. Ukimuuliza mwingine ajiandae kwa nini, atakwambia: "Ajiandae kukukumbusha mara mbili," au "Ajue kwamba hupendi kukosolewa mbele za watu." Jibu lako kwa wote liwe asante, basi. Ukianza kujieleza au kubishana, hutaambiwa ukweli tena, na habari kwamba ulibisha itawafikia wengine.

Sasa linganisha majibu. Kama watu saba wametoa majibu saba tofauti kwa swali la kwanza, huna jina baya. Huna jina kabisa, na hilo ni rahisi kurekebisha. Kama majibu yanafanana lakini hayafanani na unavyojieleza wewe, yaamini ya kwao.

Chagua shida moja ya kujulikana nayo

Watu hawakumbuki orodha ya ujuzi wako. Wanakukumbuka pale shida fulani inapotokea na jina lako likaja lenyewe. Kwa hiyo andika sentensi moja yenye vipande vitatu: unamsaidia nani, kufanya nini, na unamwondolea hofu gani.

Tazama tofauti. Mhasibu anaandika: "Mtaalamu wa fedha mwenye uzoefu mpana na shauku ya kuleta matokeo." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote, na hakuna anayeweza kuipinga wala kuihakiki. Aandike hivi: "Nawasaidia wenye biashara ndogo kufunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 5, ili msimu wa kodi usiwakute na risiti kwenye mifuko." Hapa kuna mtu, kuna kazi, kuna hofu, na kuna tarehe ambayo mteja anaweza kuipima. Mfasiri naye asiseme anatafsiri "nyaraka za aina zote." Aseme anatafsiri mikataba na vyeti vya hospitali, na kwamba kila nyaraka inapitiwa na msomaji wa pili.

Ijaribu hivi. Mpe sentensi mtu asiye wa fani yako, aisome kwa sekunde kumi, kisha umuulize: unamjua nani ambaye ungemleta kwangu? Akitaja mtu halisi, sentensi imefanya kazi. Akisema "mtu yeyote tu," rudi ukaipunguze.

Wengi huogopa kwamba kujibana hivyo kutawafukuza wateja wengine. Kwa mazoea ya kazi, anayekuja kwa jambo moja na akahudumiwa vizuri huuliza mwenyewe kama unafanya na jingine. Ishike sentensi hiyo kwa mwaka mmoja kabla ya kuibadilisha. Ukiibadilisha kila miezi miwili, watu hawatajua wakukumbuke kwa lipi.

Daftari la ahadi

Hapa ndipo jina linapojengwa au linapobomoka, na ndipo tunapoomba ukae zaidi. Ahadi ni deni, kila mtu anaimba hivyo, lakini ni wachache wanaoziandika ahadi zao kama wanavyoandika madeni ya fedha.

Chora safu nne: nimeahidi nini, kwa nani, lini, na imefikia wapi. Kwa wiki mbili za mwanzo andika kila kitu, hata yale yaliyokutoka mdomoni ukiwa unaaga. "Nitakutumia ile faili." "Nitakuunganisha na jamaa mmoja." "Tutaongea wiki ijayo." Utashangaa ni mangapi. Mikataba mikubwa ina tarehe na watu wanaifuatilia. Hivi vidogo ndivyo vinavyosahaulika, na aliyeahidiwa hasahau. Hatakudai, kwa sababu ataona aibu kudai jambo dogo. Atakupunguzia alama kimya kimya.

Baada ya wiki mbili fanya mambo manne.

Kwanza, punguza ahadi. Badala ya "nitakutumia," mtumie palepale mkiwa bado mnaongea, au usiseme kitu. Ukiona katika daftari kwamba umeahidi mambo ishirini na umetimiza kumi na mawili, dawa ya haraka ni kuahidi kumi na mawili tu.

Pili, ongeza muda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba tunapokadiria muda wa kazi huwa tunaitazama kazi iliyo mbele yetu kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa, na kusahau jinsi kazi kama hizo zilivyochelewa huko nyuma. Kwa hiyo usikadirie kwa kuwaza. Fungua kumbukumbu zako, tafuta kazi tatu zinazofanana na hii, uone zilichukua siku ngapi hasa, kisha utaje siku za ile iliyochukua muda mrefu zaidi. Ukimaliza mapema, mteja atafurahi. Mteja yule yule angekasirika kama ungetaja siku chache na ukazipita kwa siku moja.

Tatu, toa taarifa ya kuchelewa siku unayogundua kwamba utachelewa, usingoje siku ya kukabidhi. Taarifa nzuri ina mambo matatu: hali ilivyo, tarehe mpya, na kitu unachoweza kutoa sasa hivi. Mfano:

"Habari za asubuhi. Ripoti niliyoahidi Ijumaa haitakamilika siku hiyo, kwa sababu takwimu za tawi la pili zimefika jana tu. Nitaikabidhi Jumanne saa sita mchana. Sehemu ya kwanza na ya pili ziko tayari, nimeziambatisha ili muanze kuzisoma."

Hakuna hadithi ndefu ya mtandao kukatika. Maelezo marefu humfanya msomaji aanze kuyachunguza. Na tarehe mpya iwe ambayo utaitimiza hata mambo yakienda vibaya, kwa sababu kuahirisha mara ya kwanza kunasameheka, mara ya pili kunakuwa tabia.

Nne, jifunze kukataa mapema. "Mwezi huu sitaweza kuifanya kwa kiwango inachostahili" ni jibu linalojenga jina, hasa likija ndani ya siku moja na likiambatana na jina la mtu mwingine anayeweza. Kinachoharibu ni kukubali kwa haya kisha kutopokea simu.

Na kuhusu simu: hulazimiki kujibu kila meseji papo hapo. Watu wanachohitaji ni kujua lini watajibiwa. Chagua vipindi viwili kwa siku vya kujibu ujumbe, viandike kwenye wasifu au kwenye jibu la kiotomatiki, na uvifuate. Mtu anayejibu kila siku saa kumi jioni anaaminika kuliko anayejibu leo baada ya dakika mbili na kesho baada ya siku nne.

Weka ushahidi mahali unapoonekana

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale ambapo wanunuzi wanapita mbele ya hicho chema kila siku. Mtandaoni, kazi nzuri iliyofungiwa kwenye kompyuta yako hakuna anayeiona, kwa hiyo itoe nje, lakini iache ijieleze kwa ushahidi badala ya majigambo.

Kanuni ni rahisi: kila sifa unayojitaja nayo iwe na kitu kando yake ambacho msomaji anaweza kukikagua. Umeandika "makini"? Onyesha orodha ya ukaguzi unayoitumia kabla ya kukabidhi kazi. Umeandika "uzoefu wa miaka kumi"? Taja kazi tatu za miaka tofauti. Sifa isiyo na ushahidi ifute, hata kama ni ya kweli.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni maelezo ya kazi moja, maneno 300 hadi 500, yenye sehemu hizi: shida ilikuwa nini, ulikuta hali gani, ulifanya nini na kwa nini ulichagua njia hiyo, matokeo yalikuwaje kwa namba, na nini hakikuwezekana. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, nayo ndiyo inayomfanya msomaji aamini zile za mwanzo. Fundi anayesema "pampu sasa inatumia umeme pungufu, ila kelele hatukuweza kuziondoa kwa sababu msingi wake ulikwisha kupasuka" anaonekana ni mtu aliyekuwepo kazini. Tatu kama hizo zinatosha kuanzia.

Omba ruhusa ya mteja kwa maandishi kabla ya kuchapisha, na umwonyeshe andiko lenyewe. Akikataa, ondoa jina, namba na kila alama inayoweza kumtambulisha, au uachane na habari hiyo kabisa. Na kama kazi mliifanya watu watano, sema mlikuwa watano na wewe ulifanya sehemu ipi. Mmoja wa hao wanne atasoma.

Ushuhuda wa wateja uombwe wiki ile matokeo yanapoonekana, wakati mteja bado anakumbuka alivyokuwa na wasiwasi. Usimwambie "niandikie ushuhuda," maana ataandika "ni mchapakazi, nampendekeza," maneno ambayo hayamsaidii mtu. Mpe maswali: ulikuwa na hofu gani kabla hatujaanza? Nini kilikushangaza? Ni mtu wa aina gani ungemshauri asinichukue mimi? Kisha chapisha majibu kama alivyoyaandika. Usimwandikie wewe akaweka sahihi tu, na usinunue maoni ya uongo. Mbali na kuwa udanganyifu, nchi nyingi zina sheria za kumlinda mnunuzi zinazogusa jambo hilo. Marekani, kwa mfano, tume yake ya shirikisho ya biashara, FTC, ilitoa kanuni mwaka 2024 inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya kughushi.

Wasifu, picha na usalama wa akaunti

Sehemu hii watu huifanya wiki nzima, ilhali jioni moja inatosha.

Picha iwe ya karibuni, uso na mabega vikijaza zaidi ya nusu ya fremu, mwanga ukitoka mbele yako, na iwe ile ile kwenye akaunti zote za kazi. Kichwa cha wasifu kiwe ile sentensi uliyoichagua, ikipunguzwa kulingana na nafasi: LinkedIn inakupa herufi 220, X herufi 160, Instagram herufi 150. Andika kwanza toleo la herufi 150 na ulitumie kote. Ukiweza, nunua jina la kikoa (anwani ya tovuti) lako mwenyewe na uweke hapo ukurasa mmoja wenye sentensi yako, zile kazi tatu, na njia ya kukupata. Mitandao hubadilisha masharti au hufunga akaunti. Kikoa ulichokilipia kinabaki chako mradi usisahau kulipia kila kinapoisha, kwa hiyo washa malipo ya kujirudia.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye baruapepe na kwenye kila akaunti. Tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya meseji za kawaida, kwa sababu wezi huweza kuihamisha laini yako ya simu na kuzipokea meseji hizo wao. Akaunti iliyotekwa ikianza kuwakopa marafiki zako kwa jina lako, miaka ya kazi njema inaweza kutikisika kwa saa moja. Chapa namba za dharura za kurejesha akaunti na uziweke mahali pasipo na intaneti.

Unachokiandika

Huhitaji kuandika kila siku. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukiona kitu mara kwa mara humfanya mtu akipende zaidi, na wapo wanaolichukulia hilo kuwa ruhusa ya kumwaga machapisho asubuhi na jioni. Kupendwa kwa mazoea na kuaminiwa ni mambo mawili. Mtu anaweza kuizoea sura yako na bado asikukabidhi funguo zake.

Andiko moja kwa wiki lenye jibu kamili kwa swali moja linatosha. Maswali usiyatafute mbali: kila swali ambalo mteja au mwenzako wa kazi amekuuliza mara mbili ni mada. Jibu kwa undani ambao ungemjibu anayekulipa. Wapo watakaokuonya kwamba ukitoa siri zote hakuna atakayekulipa. Ukweli ni kwamba anayeweza kuifanya kazi mwenyewe kwa kusoma andiko lako hakuwa mteja, na asiyeweza atajua kwa nani aende.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Usiandike kwa uhakika jambo ambalo hukulihakiki, na kama umetumia programu ya akili unde kuandaa rasimu, kagua kila jina, mwaka na namba kwenye chanzo chake kabla ya kuchapisha, maana programu hizo hubuni mambo kwa lugha nzuri. Ukilipwa kusifia bidhaa, au ukipewa bure, au mwenye bidhaa akiwa ndugu yako, liseme mwanzoni mwa andiko na si mwishoni kwa herufi ndogo. Ukikosea, sahihisha pale pale kwenye andiko kwa kusema kilichobadilishwa na tarehe. Usifute kimya kimya. Aliyelipiga picha andiko la kwanza yupo.

Nia njema: kutoa kwa namna inayofaa

Uwezo huwafanya watu wakuajiri. Nia njema huwafanya wakutetee ukiwa haupo chumbani. Haijengwi kwa zawadi, inajengwa kwa vitendo vidogo ambavyo mpokeaji anaona wazi kwamba vimezingatia hali yake.

Cha kwanza ni kuwaunganisha watu, nacho kina adabu yake. Usimtupie mtu namba ya mwenzake. Muulize kila mmoja kwanza, peke yake: "Kuna mbunifu wa michoro anayetafuta ushauri wa bei za mikataba ya muda mrefu. Nimekufikiria wewe. Mazungumzo ya dakika ishirini yanakufaa, au mwezi huu una kazi nyingi? Hata ukikataa hakuna ubaya." Wakikubali wote, waandikie ujumbe mmoja unaosema kila mmoja ni nani na kwa nini umewakutanisha, kisha ujitoe. Ukiruka hatua ya kuuliza, umemfanyia hisani mmoja kwa muda wa mwingine.

Cha pili ni kutaja waliokusaidia, kwa majina, mbele ya watu ambao maoni yao yanawahusu. Kumwambia bosi wa mtu "wazo hili lilikuwa lake" kuna thamani kuliko shukrani kumi za faraghani.

Cha tatu, na hiki kinapimwa kwa maumivu, ni kumpa mtu ushauri unaokukosesha fedha. "Kwa kazi yako hii huhitaji kunilipa mimi, programu ya bure inatosha, na hivi ndivyo utakavyoitumia." Anayeambiwa hivyo amepata ushahidi wa nia njema ambao hakuna tangazo linaloweza kuutoa.

Usiwatembelee tu unaowaona kila wiki. Utafiti wa mwanasosholojia Mark Granovetter wa mwaka 1973 ulionyesha kwamba wengi wa waliopata kazi kupitia watu walizipata kupitia wale waliokuwa wakionana nao mara chache, kwa sababu hao ndio wanaojua habari ambazo marafiki wa karibu hawazijui. Andika majina thelathini ya watu wa namna hiyo na uwaandikie kumi kila mwezi: makala inayohusu kazi yao, pongezi kwa jambo mahususi, au swali la kweli. Ujumbe usiwe na ombi ndani yake. Mtu akizoea kwamba salamu yako huja na ombi mkononi, ataanza kuziogopa salamu zenyewe.

Weka kikomo, saa mbili kwa wiki kwa mfano, na ukifike usivuke. Anayesaidia kila mtu bila kipimo huishia kuvunja ahadi kwa wanaomlipa. Pia usiweke hesabu ya nani amerudisha. Msaada unaotangazwa kwa picha na video umelipwa tayari na watazamaji, na aliyesaidiwa anabaki na fedheha.

Ukikosea

Utakosea, kwa hiyo jua utaratibu kabla ya siku yenyewe. Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki na wenzake walichunguza sehemu sita za kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza kilichotokea, kukubali kuwa kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Iliyokuwa na uzito kuliko zote ni kukubali kosa, ikifuatiwa na kujitolea kurekebisha. Kuomba msamaha kulikuwa na uzito mdogo kuliko zote. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaomba msamaha mara tano na hawasemi wamefanya nini.

Ndani ya saa 24 andika hivi: "Nilituma orodha ya mishahara kwa watu wasiohusika. Kosa ni langu, sikukagua anwani kabla ya kutuma. Nimewaomba waliopokea waifute na wawili kati ya watatu wamethibitisha. Wa tatu nampigia leo. Kuanzia sasa faili za namna hii nitazifunga kwa nywila. Kama kuna hasara imekupata, niambie tuangalie namna ya kuifidia." Maneno "samahani kama kuna aliyekwazika" yaepuke kabisa, yanamhamishia kosa aliyeumia. Radhi nayo ifike pale kosa lilipofika. Uliyemkosea faraghani mwombe radhi faraghani, uliyemkosea mbele ya watu usimnong'oneze.

Kuna wanaofundisha kwamba kuonyesha makosa humfanya mtu apendwe. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alilipima jambo hilo mwaka 1966 na akakuta kwamba kosa dogo la kibinadamu lilimwongezea mvuto mtu ambaye tayari alionekana hodari. Kwa mtu wa kawaida, kosa lile lile lilimpunguzia. Kwa hiyo usitangulize udhaifu wako kabla watu hawajaona kazi yako.

Uvumi wa uongo ujibu mara moja, kwa ushahidi, mahali pamoja unapoweza kuwaelekeza watu wanaouliza, kisha rudi kazini. Kila ukiujibu tena unawapa habari ambao hawakuwa nayo.

Pima kila miezi mitatu

Wafuasi usiwahesabu. Hesabu wateja waliorudi, watu walioletwa na wengine, ahadi ulizotimiza kwa wakati kati ya zote zilizo kwenye daftari, na kila baada ya mwaka warudie wale watu saba kwa maswali yale yale matatu.

Namba hizo zitakuonyesha pa kurekebisha. Wengi wanatazama ukurasa wako lakini hawaandiki? Ushahidi haujatosha, au njia ya kukupata imefichika. Wanaletwa watu lakini wanataka kazi usiyoifanya? Sentensi yako haieleweki, rudi uijaribu kwa watu watatu wapya. Wanakuja mara moja na hawarudi? Fungua daftari la ahadi, tafuta majina yao, na uone nini kiliandikwa kwenye safu ya nne. Wanarudi lakini hawakuleti kwa wengine? Kazi yako wanaiamini, nia yako bado hawajaiona. Anza na watatu kati yao na uulize unaweza kuwafaa kwa jambo gani lisilohusu malipo.